Seli Zangu Zafika Bwaloni

Jumatatu, 2 Juni 2025

Siku kuu. Nimeupata mtambo! Ulikuwa ghalani, nyuma ya vitanda vibovu vya bweni, chini ya magunia ya alizeti. Swichi ya ATM, nzima, na kadi zake bado zimo kwenye mifuko. Wafadhili waliuleta wakati mimi bado nina nywele. Hakuna aliyewahi kuuwasha. Niliufuta vumbi kwa shati langu mwenyewe. Paulina, mke wangu, ameliona shati. Tusilizungumze.

Niandike kwa faida ya vizazi: mimi, Yoramu Chilewa, Kaimu Mkuu wa Kitengo cha TEHAMA katika chuo chetu hapa Mlali, nimesomea ATM. Si ile ya benki. Hii ni ATM ya kusafirisha sauti na picha kwenye mtandao. Kozi ya wiki mbili, Dar es Salaam. Cheti kipo sebuleni, juu ya televisheni, juu hata ya picha ya harusi.

Na wakati ndio huu! Mahafali ni Jumamosi ya wiki ijayo na ukumbi hautoshi. Mama Zipora, Mkuu wa Chuo, ameamua wazazi watakaokosa nafasi wakae bwaloni, waone sherehe kwenye ukuta kwa projekta. Ametangaza kwamba atakayeunganisha ukumbi na bwalo bila kukwamakwama ndiye atakuwa Mkuu wa Kitengo kamili. Alisema hivyo akinitazama mimi. Kisha akamtazama Shamimu. Lakini mimi nilitazamwa kwanza.

Shamimu ni fundi wetu mpya, binti wa Kondoa. Ana shahada. Ana adabu. Shikamoo kila asubuhi, bila kukosa. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi.

Jumanne, 3 Juni

Kikao kwa Mama Zipora. Shamimu alieleza mpango wake: mtandao huuhuu tulio nao, waya wa kawaida, kamera, basi. Maneno machache mno. Nilimwonea huruma.

Zamu yangu, nilisimama. Niliwaambia wafikirie foleni ya mashine ya kusaga. Kwenye mtandao wa kawaida kila mtu anakuja na mzigo wake apendavyo, huyu debe, yule magunia kumi. Wewe mwenye kopo lako moja ukiwa nyuma ya mwenye magunia, utasubiri mpaka jua lizame. Ndiyo maana sauti hukatika! ATM haitaki magunia. Kila mzigo unagawanywa kwenye vikopo vidogo vilivyo sawasawa, vinaitwa seli. Baiti hamsini na tatu kila kimoja: tano za anwani, zilizobaki mzigo. Hakuna seli nene, hakuna seli nyembamba. Kikopo cha sauti kinapenya katikati ya vikopo vya picha, kinafuata njia yake yenye namba yake, iliyotengwa kabla ya safari kuanza.

Mama Zipora alisema sasa ameelewa kuhusu kusaga. Shamimu, kwa adabu ileile, aliuliza kama mifumo endeshi ya siku hizi bado inazitambua kadi hizo. Nilimjibu kwamba mfumo endeshi usioitambua ATM ni wa kusikitikiwa.

Nimepewa hadi Alhamisi ya wiki ijayo nioneshe.

Jumatano, 4 Juni

Mfumo endeshi hauitambui ATM.

Nilichomeka kadi kwenye kompyuta mpya. Haikuingia, nafasi zake ni za zamani. Nikatafuta kompyuta ya umri wa kati. Ikaingia. Niliwasha. Mfumo ukaorodhesha kila kitu kilichomo ndani, mpaka saa ya ukutani ingekuwemo kama ningeichomeka, lakini kadi yangu haikutajwa. Nikaperuzi. Watengenezaji wa mfumo, huko waliko, waliiondoa ile programu ya kuiendesha kadi. Sababu waliyotoa: haina watumiaji.

Haina watumiaji! Na mimi je?

Nimewaandikia barua pepe kali lakini yenye staha. Kisha, kwa kuwa maandalizi bila matangazo ni kazi bure, nilibandika tangazo getini kwa herufi kubwa: ATM YAFIKA CHUONI. WANANCHI WOTE KARIBUNI IJUMAA ASUBUHI MJIONEE.

Ijumaa, 6 Juni

Walikuja! Nilipofika foleni ilikuwa imetoka getini, imepita kwa muuza miwa, imepinda kona. Wakulima, walimu, akina mama na watoto mgongoni. Moyo ulinijaa. Nilisalimia foleni nzima kama mgombea.

Kisha nikaona kila mmoja ameshika kadi ya benki.

Mbele kabisa alikuwa bibi mmoja, Bibi Emiliana, kadi yake imefungwa kwenye leso. Nilimpa shikamoo nikamweleza juu ya seli, mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza kwa makini. Nilipomaliza akaniuliza, "Sasa mwanangu, naiingiza wapi?"

Nikaeleza tena, kwa mfano wa mashine ya kusaga. Aliangaza macho akauliza kama unga nao unatoka hapohapo.

Mama Zipora alitoka ofisini. Alizungumza na watu kwa upole, wakatawanyika. Alizungumza na mimi pia. Bibi Emiliana nilimnunulia soda na kumtafutia bodaboda ya kumrudisha nyumbani, maana alikuwa ametoka mbali. Alisema soda ilikuwa baridi nzuri ila mashine yangu ni ya ovyo.

Hata hivyo niseme ukweli: hakuna mkutano wowote wa TEHAMA katika wilaya hii uliowahi kujaza watu namna ile.

Na barua pepe imejibiwa! Wameuliza ATM inatumika wapi. Nimejibu: Kanda ya Kati.

Jumapili, 8 Juni

Shamimu yuko Kondoa, ameenda kwao kwa Idi. Nafasi ya dhahabu. Nilitoka kanisani kabla ya matangazo, nikaenda moja kwa moja ghalani.

Nilikuwa na akili moja: kama mfumo mpya umeisahau kadi, nitarudi kwenye mfumo wa zamani. Nilikuwa na diski ya kozi yangu. Nilitafuta kompyuta mbili za zama hizo, kubwa kama friji za maharusi. Niliweka mfumo wa zamani. Niliwasha.

Taa ya kijani! Kadi imetambulika! Nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja na rungu.

Kasoro ndogo: mfumo wa zamani unaijua kadi lakini hauijui kamera. Wala flashi. Wala kipanya cha siku hizi. Kwa hiyo nimebuni mpango ufuatao. Kamera itaungwa kwenye kompyuta mpya ya Shamimu. Picha zitapita kwenye mtandao wa kawaida hadi kwenye kompyuta yangu ya kwanza. Hapo zitakatwa kuwa seli. Seli zitapita kwenye swichi ghalani, zitafika kwenye kompyuta ya pili bwaloni, zitaunganishwa tena kuwa picha.

Paulina aliuliza, kama picha zinaanza safari kwenye mtandao wa kawaida, si zimalizie humohumo tu? Paulina ni mwanamke mwenye akili sana lakini hakwenda kwenye kozi.

Watengenezaji wa mfumo wamejibu tena, hata Jumapili! Wamesema kwamba nikiitaka ile programu, nakaribishwa kuitunza mwenyewe. Hivyo nimeteuliwa kimataifa. Nimemwambia mchungaji.

Jumanne, 10 Juni

Shamimu amerudi. Ametuletea nyama ya Idi, kipande kizuri, na salamu za mama yake. Paulina alifurahi mpaka akaimba. Mimi nilitambua mara moja kuwa ni rushwa. Nilikula ili nisimkwaze.

Tuligawana kazi. Mimi nitakaa ghalani penye swichi. Yeye atakaa bwaloni na visikizio kichwani. Nimetengeneza njia mbili za sauti. Moja inabeba sauti ya ukumbini na kuipeleka kwenye spika za bwaloni. Ya pili ni simu yetu ya kazi, kutoka maikrofoni yangu ghalani hadi kwenye visikizio vyake vyenye kipaza sauti, ili nimpe maelekezo naye anijibu. Aliomba jambo moja tu: tulaze pembeni waya wa kawaida, wa akiba, endapo lolote litatokea.

Nilimwambia kwamba waya wa akiba ni matusi kwa seli.

Alipokwenda kula, niliukunja ule waya wake nikaufungia ghalani. Si wivu. Ni kulinda morali.

Alhamisi, 12 Juni

USHINDI!

Mama Zipora alisimama ukumbini akasema, "Moja, mbili, tatu, mnanipata huko?" Bwaloni, neno kwa neno, safi kama maji ya mtungi! Picha yake ukutani haikutetemeka hata kidogo. Mpishi mkuu alifuta machozi. Alikuwa anakata vitunguu, lakini alinitazama mimi.

Shamimu alinipa mkono. Akasema, "Hongera, baba. Imetoka vizuri kweli." Alisema kwa moyo mweupe, nilitafuta doa sikuliona. Mama Zipora alisema Jumamosi ikienda hivi, barua yangu ya cheo iko tayari kusainiwa.

Mchana niligeuza meza yangu itazame mlango, kama inavyostahili meza ya Mkuu wa Kitengo. Suti nimeipeleka kunyooshwa.

Kabla ya kufunga nilifanya marekebisho kidogo ya kiutaalamu. Niliona sauti ya Mkuu wa Chuo inapita njia namba mbili na simu yangu njia namba moja. Haipendezi. Nilibadilisha namba upande wa swichi, mkubwa awe namba moja. Sikujaribu tena, maana kitu kilichofaulu hakijaribiwi.

Jumamosi, 14 Juni

Niandike kwa utaratibu, maana watu watasimulia vibaya.

Ukumbi ulijaa mapema. Waliobaki, wengi wao kutoka mbali, Kondoa, Kolo, Babati, walipelekwa bwaloni. Wamevaa vizuri, mikononi vitenge na mataji ya maua. Mimi nilikuwa ghalani na suti. Nilizima simu ya mkononi, nikajifungia kwa ndani nisisumbuliwe. Taa zote za kijani. Nilimwita Shamimu kwenye simu ya kazi. Kimya. Nikamwita tena. Kimya. Nikajua wivu umempata hatimaye.

Paulina nilimfungulia mlango wa nyuma, ameniletea ugali wa mtama na mlenda. Alikuwa akiwasaidia wapishi tangu asubuhi. Aliuliza kama ile taa nyekundu kwenye maikrofoni inatakiwa kuwaka. Nilimwambia asiguse kitu.

Nilikula. Mlenda ulikuwa umekolea, sikuuficha utamu wake. Na kama mume yeyote, niliongea na mke wangu. Nilisema Mama Zipora akishika maiki haiachii. Nilisema hotuba ya leo ni ya mwaka jana, amebadilisha tarehe tu. Nilisema nikiwa Mkuu kamili, Shamimu nitamleta huku ghalani ahesabu vipanya vya kompyuta mpaka astaafu. Paulina alisema nipunguze maneno. Akaniambia pilau ni ya watu wa ukumbini peke yao, wa bwaloni watapewa maandazi. Nilistaajabu. Nilirudia kwa sauti kubwa: "Yaani hao wametoka Kolo, wanapewa maandazi?"

Mtu akagonga mlango. Akagonga sana. Nilidhani ni watu wa kunipongeza. Nikasema warudi baadaye.

Sasa, yaliyotokea upande wa pili nimesimuliwa na watu wengi, bila mimi kuuliza.

Zile namba. Nilizigeuza kwenye swichi, sikuzigeuza kwenye kompyuta ya bwaloni. Sauti yangu iliingia kwenye spika za wazazi. Hotuba ya Mama Zipora iliingia masikioni mwa Shamimu peke yake, na majibu yake kwangu hayakufika. Kwa hiyo ukutani wazazi walimwona Mama Zipora amesimama na joho lake, anatabasamu, anafungua mdomo, na kinachotoka ni mimi na mlenda.

Walimsikia akitangaza kwamba hotuba yake ni ya mwaka jana. Mzee mmoja mwenye kanzu alimwambia jirani yake kuwa tangu azaliwe hajapata kusikia kiongozi mkweli namna hii, japo sauti yake ni nzito.

Shamimu alitaka kurudi kwenye waya wa kawaida. Waya haukuwepo. Alituma mtu ghalani. Mlango umefungwa. Akazima spika, lakini wakati huo habari ya maandazi ilikuwa imeshafika. Bwalo lina dirisha linalotazama jikoni. Wazazi waliinuka, wakajipanga dirishani kwa utulivu mkubwa, wakapakuliwa pilau yote. Mgeni rasmi alikula maandazi.

Kisha majina ya wahitimu yakaanza kusomwa, na bwaloni hakuna sauti. Watu wale walikuwa wameacha mashamba na maduka kusikia jina moja tu. Shamimu akapanda juu ya meza. Visikizio kichwani, akawa anasikia jina kutoka ukumbini, analirudia kwa sauti yake mwenyewe, moja baada ya jingine. Alipotamka la Mwamvua wa Kolo, mama yake Mwamvua alirusha sahani akapiga vigelegele mpaka ukumbini wakageuka. Wengine wakadakia. Kila jina vigelegele, kila jina, mpaka binti akaishiwa sauti na bado akawa anasema.

Mimi kule ghalani nilisikia shangwe. Nilimwambia Paulina, sikiliza, wananishangilia. Nikasimama nikainamisha kichwa kidogo, hivi, kwa heshima.

Jumatatu, 16 Juni

Nimeitwa. Nilivaa suti ileile.

Mama Zipora hakufoka. Ingekuwa afadhali. Alisema, "Yoramu, yote uliyosema nimeyasikia." Nilimsahihisha kwa adabu kwamba yeye hakuyasikia, alisimuliwa, kwani yeye alikuwa ukumbini na mimi nilisikika bwaloni. Akasema hotuba hiyo kweli ilikuwa ya mwaka jana. Kisha akanipa barua.

Shamimu ndiye Mkuu wa Kitengo. Mimi ni Msimamizi wa Ghala.

Nilimkuta nje ya mlango. Sauti bado haijamrudi. Alinipa shikamoo kwa kunong'ona. Baadaye nilipata kujua kwamba yeye ndiye aliyeomba nisiondolewe chuoni, na kwamba kila wiki niwafundishe wanafunzi kipindi kimoja, niwaoneshe swichi na seli, wajue mitandao ilikotoka. Nikamrudishia waya wake. Nilikuwa nimeukunja vizuri.

Nyumbani Paulina alinipikia chai, akanitilia sukari kuliko kawaida. Hilo liliniuma kuliko barua.

Baada ya chai nimeitafakari upya. Zamani nilikuwa kaimu. Leo si kaimu wa chochote, ni msimamizi kamili. Ghala ni kubwa kuliko ofisi ya Shamimu mara tatu. Na ni mhadhiri! Nimeandika "Mhadhiri" kwenye kipande cha boksi nikakibandika mlangoni. Wanafunzi wa kwanza wanakuja kesho.

Alhamisi, 19 Juni

Mgeni! Mzee Msafiri, mfanyabiashara wa Kondoa, alikuwa bwaloni siku ya mahafali, binti yake ni mhitimu. Amepanda basi mpaka hapa kunitafuta. Nilimkaribisha ghalani kwa heshima zote, nikamketisha kwenye kitanda kizima kuliko vyote.

Alisema katika maisha yake hajawahi kusikia sauti safi namna ile. Kila neno. Alisema aliusikia hata mlenda, mpaka akatamani. Sasa anaoza binti yake mwezi ujao, wageni watajaa nyumba tatu, wanaume huku, wanawake kule, wazee kwa jirani. Anataka nyumba zote tatu zisikie kila kitu. Akauliza kama naweza.

Shamimu alikuwa amepita kuchukua kiti. Alinong'ona kwamba, baba, tungejaribu kwanza, na namba za njia tuzibandike kwenye mashine. Nilimshukuru kwa mchango wake. Ni msichana mzuri, atajifunza.

Nimemwambia Mzee Msafiri asiwe na shaka yoyote. Kompyuta nitaziongeza, nimeshaona nyingine mbili chini ya vitanda. Nitaweka maikrofoni kila chumba, mpaka chumba cha bibi harusi na jikoni, na nitaziacha zote wazi, kusiwe na wa kukosa. Watu wa Kondoa watasimulia harusi hiyo hadi kwa wajukuu.

Alipoondoka nilikaa nikaipitia ile Jumamosi yote kichwani, kwa haki, kama mtaalamu anayekagua kazi yake. Nimeona kosa moja tu: spika zilikuwa chache.